Mlio Ulioanzia Rudewa

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za gereji hapa Mikumi, na vijana niliowaachia wakanitaka niandike niliyoyapitia kazini. Nadhani walitaka waelezwe mtu anafikaje kuwa fundi mkuu. Hilo sitaeleza, kwa sababu habari ya vyeo vyangu inaenea kwenye nusu ukurasa, na yenyewe inachosha. Nitaeleza habari ya mlio mmoja wa gari. Mlio huo ulinifundisha kazi wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiona nimehitimu.

Nilianzia Kilosa, kwenye karakana ya mradi mmoja wa maji na afya vijijini ambao ulikwisha zamani na sasa hauna hata mtu wa kuulizwa. Nilitoka kwetu Mamboya nikiwa na cheti cha ufundi na suruali moja ya kazini. Fundi mkuu wakati huo alikuwa Mzee Digalu, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka mpaka gari liwake. Siku ya kwanza nilitegemea nipewe spana. Akanipa senta panchi, kile chuma kifupi chenye ncha ambacho ukikigonga kwa nyundo kinaacha kitobo kidogo kwenye chuma kingine. Kazi yangu ikawa kuwafuata mafundi nyuma na kutia vitobo. Kabla fundi hajatenganisha vipande viwili vinavyozunguka pamoja, mimi nagonga kitobo huku na kitobo kule, ili siku ya kurudisha vitobo vitazamane kama mwanzo.

Wiki ya pili uvumilivu ukaniishia. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anakunywa uji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, hivi mimi nitaanza lini kufungua?"

"Ukishajua kurudisha," akasema, akarudi kwenye uji wake.

Nilimwona mchoyo wa kazi. Miaka ikaenda, akastaafu, nami nikarithi meza yake, kabati lake na ile senta panchi. Nakiri kwamba panchi niliitupia kwenye droo ya chini kabisa, pamoja na nati zisizo na wenzao.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Ninyi mliokuta maduka ya spea kila kona hamwezi kujua tulikotoka. Kabla yake beringi moja ilitaka kibali, barua na miezi ya kungoja, na wakati wa kungoja tulikuwa tunachonga bushi, mipira ya kuzuia chuma kusaga chuma, kutoka kwenye matairi chakavu. Mara biashara ikafunguliwa na spea zikamwagika. Zilikuja kwenye maboksi yenye maandishi ya dhahabu, na baadhi yake zilidumu kidogo kuliko maboksi yenyewe. Neno "feki" likaingia karakana, nalo likawa neno tamu sana kwa fundi, maana kila kilichoharibika sasa kilikuwa na mtu wa kulaumiwa aliye mbali. Kilichokuja pamoja na spea ni kupunguzwa kwa wafanyakazi. Mradi wetu ulikuwa na madereva watatu, na tuliambiwa watabaki wawili.

Dereva wa gari la milimani alikuwa Mzee Hamisi Kibwana, mwenyeji wa Kilosa, Mwislamu mwenye swala zake tano, mkubwa kwangu kwa miaka kama ishirini. Gari lenyewe lilikuwa la difu mbili, linalosukumwa na magurudumu yote manne, la zamani, bodi la bati lililojaa mabonde, lakini ndilo pekee lililopanda Mamboya wakati wa mvua likiwa na kasha la chanjo, mabomba na manesi wawili. Mzee Kibwana aliliendesha kwa upole mpaka abiria wengine walikasirika. Alipobadili gia hukusikia kitu. Miaka yote ile hakuwahi kuvunja springi hata moja, na hilo ndilo lilikuwa jina lake mjini.

Kitu kingine nilichopenda kwake ni mwandiko. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, kwa hiyo hakuandika neno bila sababu. Kila dereva alikuwa na kitabu cha safari: alikokwenda, maili alizotembea, na mwisho wa mstari nafasi ya maelezo juu ya hali ya gari. Jumamosi vitabu vyote vililetwa mezani kwangu, fundi mkuu asome maelezo na kusaini. Yeye alikuwa anajaza nafasi yake mpaka ukingoni, kwa herufi zilizosimama wima.

Basi mwanzoni mwa mwaka mmoja tukaambiwa mgeni mkubwa anakuja kututembelea. Mawe ya njia ya ofisini yakapakwa chokaa, majani yakafyekwa mpaka ardhi ikaona aibu. Mratibu wetu, Mama Kileo, mwanamke mwenye haki lakini aliyewaogopa wageni kupita kiasi, akaagiza magari yapakwe rangi mpaka chini.

"Chini nani ataona, mama?" nikauliza.

"Anaweza kuinama, Yohana. Wageni hawatabiriki."

Nikalala chali na brashi chini ya gari la Mzee Kibwana, nikapaka rangi ya fedha springi, difu, na propela ya nyuma, yaani lile bomba refu la chuma linalozunguka na kupeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu. Niliipaka mara mbili ikang'aa kama sufuria ya bibi arusi. Mgeni alikuja. Hakuinama. Kwa kweli hata garini hakuteremka.

Masika yalipoanza, tope likaingia kwenye propela ile, pale katikati ambapo kipande kimoja kinateleza ndani ya kingine kwa meno. Nikaifungua, nikavitenganisha vipande viwili, nikaviosha kwa dizeli, nikatia grisi, nikarudisha. Vitobo sikutia. Mambo ya vitobo niliyaona ya wanafunzi, na mimi nilikuwa fundi mkuu. Kazi yote haikuchukua saa moja, na muda mwingi nilikuwa nabishana na mtunza stoo juu ya mpira wa miguu.

Gari likarudi kazini. Kuanzia hapo likawa linagonga. Ukifika mwendo wa kama maili thelathini, ukiachia mafuta kidogo, unasikia chini ya viti kitu kama mtu anatikisa njugu kwenye kopo. Ukiongeza mafuta linanyamaza, ukipunguza linaanza tena. Wiki chache baadaye krosi zikafa. Krosi ni vile vipande vya umbo la msalaba vilivyo kwenye ncha mbili za propela na kuiwezesha kujikunja gari linapopanda na kushuka. Nikaweka mpya. Zikafa. Nikaweka nyingine, na hizo pia hazikumaliza mwezi.

"Feki," nikasema kila mara, na kila mtu alikubali, maana nani angebisha.

Mama Kileo alibisha. Alikuwa mtu wa kufikiri. Akauliza mbona magari mengine mawili yana krosi kutoka duka lile lile na hayagongi. Yeye akajijibu: kama spea ni zile zile na njia ni zile zile, tofauti ni dereva. Mzee huyu macho yameanza kuchoka, analigonga gari kwenye mashimo. Mzee Kibwana akapewa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuharibu mali ya mradi. Kila mmoja wetu alijua maana yake. Dereva wa kupunguzwa alikuwa amepatikana, na angeondoka na jina la mharibifu.

Alikuja nayo karakana barua ile, ameikunja mara nne. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa.

"Fundi, mimi majibu ya barua hii nitaandika mwenyewe. Ila natakiwa kuweka na maneno ya fundi. Wewe sema tu unachokijua."

"Nitasema nini, mzee? Gari linagonga na sijajua kwa nini."

"Basi jua," akasema. "Kikao ni Jumatatu."

Hakunisihi, wala hakuonyesha kuninung'unikia. Nilimhurumia, maana mzee yule aliipenda kazi yake kuliko mimi nilivyoipenda yangu.

Alhamisi tukatoka wawili kulitafuta. Vijana, nisikilizeni hapa, maana hii ndiyo njia yenyewe. Mlio hautafutwi kwa spana, unatafutwa kwa kuondoa kimoja kimoja. Njia ya kuelekea Zombo ina mteremko mrefu. Pale nikamwambia aweke gia huru, gari lijiendee. Mlio ukapungua lakini haukuisha, na ulikwenda na kasi ya magurudumu, si ya injini. Kwa hiyo injini na klachi vikatoka kwenye kesi. Tukarudi, nikafungua propela ya mbele, tukaenda nayo ndani ya gari. Bado linagonga. Nikairudisha, nikafungua ya nyuma, nikaweka four-wheel ili gari liburuzwe na magurudumu ya mbele peke yake. Tukatembea mpaka daraja la kwanza na kurudi. Kimya. Mzee Kibwana alinitazama, mimi nikamtazama.

"Ni hiyo uliyoifungua," akasema.

"Ni hiyo. Lakini ina nini? Krosi ni mpya."

Ijumaa mchana yeye alikwenda kuswali, nami nikabaki peke yangu na propela ile. Nikailaza kwenye sakafu ya saruji. Kila ncha ina uma wa chuma unaoshika krosi, na uma hizo mbili zinatakiwa kulala sawasawa, zikitazama upande mmoja. Uma wa kwanza ulilala bapa. Wa pili uliinua bega. Nikadhani sakafu si sawa, nikahamisha. Bega likabaki juu. Nikachukua kisu, nikaanza kukwangua rangi ya fedha pale vipande vinapokutana.

Chini ya rangi kulikuwa na mshale mdogo uliochongwa kiwandani. Nikakwangua kipande cha pili, nikakuta mwenzake. Mishale hiyo inatakiwa kutazamana. Ilikuwa imepishana meno mawili. Nilikuwa nimeifunika kwa mkono wangu ili mgeni aone chuma kinachong'aa, kisha nikairudisha propela kwa kubahatisha, na meno hayakatai, yanaingia popote utakapoyaweka. Kuanzia siku ile ilizunguka kwa kwenda na kusita, kwenda na kusita, ikatikisa giaboksi na kula krosi. Hazikuwa feki hata moja. Maskini wenye duka.

Nikavuta, nikazungusha meno mawili, nikarudisha, nikafunga krosi mpya. Na hapa nataka niseme ukweli, maana mkiniona leo na mvi mnaweza kudhani nilikuwa mtu mzuri siku zote. Mzee Kibwana aliporudi kutoka msikitini tukalijaribu gari, likaenda kimya mpaka tukasikia kibiriti kikicheza kwenye dashibodi. Akasimamisha gari, akashika usukani kwa mikono miwili, macho yakamjaa machozi.

"Umefanyaje?"

"Nimepata krosi nzuri," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Orodha ya kupunguza haikuwa ya madereva peke yao, nami nilikuwa na watoto wawili na nyumba ya kupanga. Nikajiambia gari limepona, shida ya mzee imekwisha, kilichobaki ni maneno tu.

Jumamosi asubuhi alifika mapema. Mkono mmoja alishika kitabu cha safari, mkono wa pili kuku jike, mweupe, amefungwa miguu.

"Mama watoto anakusalimu," akasema. "Anasema umetuondolea fedheha."

Nikapokea kuku. Nilipokea, na nikasema ahsante. Alipoondoka nikafungua kitabu, na sababu ya kukifungua ni kwamba nilitaka kusoma nilivyosifiwa. Nikazikuta sifa: *Ijumaa. Gari kimya. Fundi Yohana ameliponya. Mungu ambariki.* Nikafunua nyuma kidogo, sijui nilikuwa natafuta nini, pengine sifa nyingine. Nikakuta hivi: *Gari limetoka karakana leo, propela ya nyuma ilifunguliwa. Kufika Rudewa limeanza kugonga. Naomba fundi aangalie propela.* Siku iliyofuata: *Linagonga. Naomba fundi aangalie propela.* Wiki iliyofuata, maneno yale yale. Na iliyofuata. Kila Jumamosi, chini ya herufi zile zilizosimama wima, kulikuwa na sahihi yangu, imepambwa mkia, kuonyesha kwamba nimesoma.

Sikuwahi kusoma hata mstari mmoja.

Kuku alikaa uani kwangu Jumamosi na Jumapili. Mke wangu aliuliza mara tatu achinjwe lini, nikamjibu ovyo mpaka akaacha kuuliza. Kanisani nilikaa nyuma. Kilichonitesa zaidi ni kwamba sasa niliona kesi itakavyokwenda: gari limepewa krosi nzuri likapona, kwa hiyo halikuwa na ubaya wowote, kwa hiyo aliyeziua krosi za mwanzo ni yeye. Uongo wangu mdogo ulikuwa umemkaza mzee kamba.

Jumatatu saa nne tuliingia ofisini. Mama Kileo alisema karibu vile vile nilivyoogopa, kwa sauti ya mtu asiyefurahia anachokifanya. Mzee Kibwana alikuwa amevaa kanzu safi na koti. Alipoambiwa ajibu, akafungua karatasi yake, akasoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, kwamba yeye gari analiendesha kama siku zote, na kwamba hali ya gari ameiandika kila siku kitabuni. Mwisho akasema, "Na fundi yupo hapa, ataeleza."

Nikasimama. Nilikuwa nimekuja na kitabu cha safari kwapani na propela nimeiacha mlangoni, maana niliifungua tena alfajiri. Nikaiingiza ndani, nikailaza kwenye sakafu ya mratibu, nikaonyesha mishale na rangi iliyokwanguliwa. Nikaeleza meno mawili. Nikasema aliyepaka rangi ni mimi, aliyerudisha kombo ni mimi, na krosi nzuri niliyoitaja Ijumaa haikuwa na uzuri wowote kuzidi zile nyingine. Kisha nikafungua kitabu mahali pa Rudewa.

Mama Kileo alisoma ukurasa, akafunua, akasoma mwingine.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Zote ni zangu, mama."

Akavua miwani. Kisha akamgeukia Mzee Kibwana akamwomba radhi, kwa maneno kamili, mbele yangu, na huo ndio uongozi ninaoukumbuka hadi leo. Barua ya kujieleza iliandikwa upya siku hiyo hiyo, jina likiwa langu. Nilijieleza nusu ukurasa. Sikufukuzwa, na sikuelewa kwa nini, mpaka baadaye nilipoambiwa kwamba Mama Kileo alikumbuka ni nani aliyeagiza magari yapakwe rangi mpaka chini.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, nilimpeleka kuku nyumbani kwa Mzee Kibwana. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo mzee. Nimemrudisha."

"Marahaba. Umempa maji?"

Nikasema sijampa. Akaleta bakuli, kuku akanywa, sote wawili tukimtazama.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Ijumaa."

"Leo Jumatatu."

"Ndiyo, mzee."

Akasogeza bakuli karibu na kuku. Ningependelea anitukane.

"Siku tatu si nyingi," akasema hatimaye. "Wengine hawasemi kabisa. Lakini Yohana, mimi nilikuwa nakuandikia. Kuandika kwenyewe kunanichukua muda, wewe unajua. Nakuandikia, unasaini, nasema amesoma, atakuja. Nikawa nakungoja."

Nililia pale barazani kwake, mtu mzima mwenye watoto. Mzee alikataa kumpokea kuku. Alisema alishatolewa, harudi, na nyumbani kwake kuna wengine wa kutosha kumsumbua.

Yaliyofuata mnayajua. Dereva mmoja akaenda mwenyewe kuendesha lori la miwa huko Ruaha, hivyo hakuna aliyepunguzwa kwa lazima. Mzee Kibwana aliliendesha gari la milimani mpaka mradi ulipofungwa, nami nikahamia huku Mikumi. Senta panchi niliitoa kwenye droo ya chini, na wote niliowafundisha mmeichukia kwa zamu, kila mmoja kwa wiki zake mbili za kwanza. Sasa nimeiacha juu ya meza.

Ila Jumamosi iliyofuata baada ya kikao kile, Mzee Kibwana alileta kitabu cha safari kama kawaida, akakiweka mezani, lakini hakuondoka. Alisimama. Nikavuta kiti, nikaanza Jumatatu, nikasoma kwa sauti mstari mmoja mmoja: kimya, kimya, tairi la kushoto linahitaji upepo, kimya. Nikafika mwisho. Pale kwenye nafasi ya Jumamosi, kwa herufi zake zilizosimama wima, alikuwa ameandika: *Gari halina neno. Nimeandika hapa nione kama fundi anasoma.*

Chini yake nikaandika, *Nimesoma*, ndipo nikasaini.